Muulize Mwalimu wa Kigango: "Eti nikifa jumuiya haitanizika?"

Tumsifu Yesu Kristu wasomaji wangu, ni mimi katekista wenu. Mwezi huu mmeniandikia kweli kweli, meseji zingine zimeingia saa sita za usiku hadi mke wangu akauliza ni nani huyo. Nimechagua chache maana ukurasa ni mmoja. Halafu yule aliyenirekebisha kwamba ni "Kristo" sio "Kristu", ndugu yangu, Kristu ndo tunavyosema sisi Wakatoliki tangu tukiwa watoto, Kristo ni ya majirani zetu Walutheri, Bwana ni yule yule na wala hatugombani. Tuanze.

Mwalimu, Tumsifu Yesu Kristu. Mimi nauza chakula stendi, naamka saa tisa usiku kubandika maharage, na Jumamosi saa 12 asubuhi ndo abiria wanajaa. Jumuiya yetu inasali saa 12 hiyo hiyo. Nimekosa tangu Julai. Juzi nimepeleka jina la mtoto abatizwe, mwenyekiti wa jumuiya kagoma kusaini fomu, anasema nilipe kwanza michango ya nyuma elfu 38, na mbele za watu akasema hata nikifa leo hakuna wa kuja kunizika. Nimelia njia nzima. Hivi hii ni sheria ya Kanisa? (Mama Ntilie)

Milele amina mama, na pole sana. Jibu fupi ni hapana, sio sheria ya Kanisa. Ila jibu refu lina mambo ndani yake, vumilia kidogo.

Jumuiya ndogo ndogo hazikushuka na Biblia. Maaskofu wetu wa Afrika Mashariki, wale wa umoja wao unaoitwa AMECEA, walikaa Nairobi 1973 wakakaa tena 1976 wakasema kazi ya Kanisa huku kwetu ijengwe kuanzia kwenye jumuiya za majirani, nyumba kumi, kumi na tano, watu wanaofahamiana kwa majina. Na walikuwa na akili, maana paroko mmoja mwenye vigango sita (makanisa madogo ya mbali chini ya parokia) na pikipiki moja atajuaje kwamba bibi wa nyumba ya kule bondeni hajatoka kitandani wiki nzima? Jumuiya ndo inajua. Kazi ya jumuiya ilikuwa, na bado ni, kusoma Injili ya Jumapili inayokuja, kuongea inatuambia nini sisi wa mtaa huu, kusali, kwenda kumwona mgonjwa, basi. Sasa baadaye zikaingia daftari. Daftari la mahudhurio, la zaka, la mavuno, la ujenzi wa nyumba ya mapadri, la kumlipia hosteli mseminari, la rambirambi, na leo kuna jumuiya ukiingia unadhani umefika ofisi ya mapato, Injili dakika tano na hesabu saa nzima. Mimi mwenyewe nimewahi kuwa katibu wa jumuiya miaka minne na nakiri kwamba niliwahi kusoma majina ya wadaiwa kwa sauti. Nikikumbuka naona aibu.

Sasa sheria. Kitabu cha Sheria za Kanisa cha 1983 kinasema (kanuni ya 868) kwamba ili mtoto mchanga abatizwe kihalali wazazi wakubali, angalau mmoja wao, na kuwe na tumaini la kweli kwamba atalelewa katika imani Katoliki. Basi. Elfu 38 haimo. Kanuni ya 848 ndo kabisa, inasema mhudumu asidai chochote zaidi ya sadaka iliyopangwa na wakubwa wake, na aangalie siku zote mwenye shida asikose sakramenti kwa sababu ya umaskini. Na mazishi: kanuni ya 1184 inawataja wanaonyimwa mazishi ya Kanisa kama hawakuonyesha dalili yoyote ya toba kabla ya kufa, kina nani? Walioasi imani waziwazi, waliochagua kuchomwa maiti kwa kuipinga imani, na wadhambi wa wazi ambao kuwazika kikanisa kungewakwaza waamini. Na hapo hapo inasema kama kuna shaka aulizwe askofu. Aulizwe askofu, sio mwenyekiti wa jumuiya! Mama ntilie mwenye deni la michango simwoni humo hata nikivaa miwani miwili.

Lakini mama mimi sikutetei moja kwa moja. Kanuni ya 222 nayo ipo, inasema waamini tunawajibika kulisaidia Kanisa kwa mahitaji yake, na sahihi ya mwenyekiti ina maana yake, ni kama ushahidi kwamba "huyu namfahamu, anasali, mtoto hatalelewa gizani". Paroko anaitegemea. Kwa hiyo mwenyekiti hajakosea kuulizia uko wapi, amekosea kugeuza sahihi kuwa risiti.

Fanya hivi. Usirudi kugombana naye, utapoteza muda. Nenda ofisi ya parokia siku ya kazi, beba cheti chako cha ubatizo na cha ndoa kama unacho, mwambie paroko habari yote kuanzia maharage ya saa tisa. Mapadri wengi ukiwaeleza hivyo wanasaini wenyewe au wanamwita mwenyekiti wanayamaliza hapo hapo. Pili, kaiombe jumuiya ije kusali kwako siku moja mchana, mabasi yakishaondoka, hata pale pale kwenye meza zako. Sisi kwetu tulikuwa na mlinzi wa usiku, mzee mmoja mpole, tulimwandika "haji" miezi mingapi sijui, kumbe saa ile tunasali yeye ndo anafunga mlango wa chumba chake alale. Tukahamisha jumuiya Jumapili moja ya kila mwezi baada ya Misa ya pili. Alikuja, na siku hiyo ndo tulijua ana sauti ya besi ya ajabu. Tatu, ile elfu 38, ikiwezekana lipa kidogo kidogo, elfu moja moja, bila kulazimishwa. Usipoweza, basi.

Shikamoo Mwalimu. Mi ni mwalimu wa ajira mpya, nimetoka Dar parokia kubwa yenye Misa tano Jumapili, unaingia unasali unatoka hakuna anayekujua. Huku nilikopangiwa ni parokia ndogo, kila siku kuna kitu, kengele asubuhi, mara kuabudu, mara usafi, mara mazoezi, na wameshaniuliza mara tatu nipo chama gani. Nashindwa kuelewa kipi ni lazima na kipi ni hiari. (Tichaa Mgeni)

Marahaba tichaa, karibu. Huko Dar ulikuwa abiria, huku utakuwa kondakta, zoea.

Wiki ya parokia ndogo inaenda hivi, na naongelea yetu huku milimani ila nyingi zinafanana. Jumatatu ni siku ya padri kupumzika, ukimwona na ndala sokoni msalimie umpite. Kuanzia Jumanne kuna Misa ya asubuhi saa 12 na nusu, wanakuja bibi wale wale saba, masista wawili, na mwanafunzi mmoja mwenye mtihani. Hawa bibi usiwadharau, nia za parokia nzima zinabebwa na hao. Alhamisi jioni kuabudu Ekaristi, na Ijumaa ya kwanza ya mwezi ndo ya Moyo Mtakatifu, watu wanaungama foleni hadi nje. Jumatano na Ijumaa jioni kwaya, utasikia kinanda hadi saa mbili usiku, wimbo huo huo ubeti huo huo, utaujua kuliko wao. Jumamosi asubuhi jumuiya, kisha usafi wa kanisa kwa zamu ya jumuiya moja moja, unakwenda na ndoo na kidekio, saa nane watoto wa mafundisho ya Komunio ya kwanza, na wale wa chama cha watoto, Utoto Mtakatifu, wakiimba huku wanakimbizana. Jumapili Misa, matangazo (marefu, uvumilivu), na mnada nje: jogoo, mkungu wa ndizi, trei ya mayai, na kuna mzee lazima anunue jogoo lake mwenyewe alilolitoa.

Cha lazima kisheria ni kidogo sana. Misa ya Jumapili na sikukuu za amri, na ya Jumamosi jioni inahesabika. Kuungama dhambi kubwa walau mara moja kwa mwaka, kupokea Ekaristi walau mara moja kwa mwaka kipindi cha Pasaka. Kufunga na kujinyima nyama siku zake: kujinyima kuanzia miaka 14, kufunga kuanzia 18 mpaka unapoingia mwaka wa 60. Vyama vyote, WAWATA ya wanawake, UWAKA ya wanaume, VIWAWA ya vijana, Legio ya Maria, Karismatiki, ni hiari, hakuna hata kimoja kitakachokupeleka mbinguni kwa kadi ya uanachama. Ila jumuiya ingia, hata kama unachoka. Mgeni wa ajira mpya akiugua malaria usiku hamjui mganga wala bodaboda, anayegonga mlango ni wa jumuiya. Kuhusu chama usikubali wiki ya kwanza. Wakijua unasoma noti ndo basi tena, utaitwa mwalimu wa kwaya mpaka uhamishwe.

Mwalimu, kigango chetu kiko mbali, padri anafika kila baada ya Jumapili tatu, mvua zikizidi hata miezi miwili. Jumapili zingine katekista anaongoza ibada. Kaka yangu anasema ibada ya katekista haina maana, bora alale nyumbani kuliko kusikiliza "mahubiri ya mkulima mwenzake". Ni kweli Jumapili yangu haijahesabika? (Wa Kigango cha Mbali)

Hili limenigusa maana huyo mkulima mwenzake ni mimi.

Ibada ya katekista sio Misa, tusidanganyane, hakuna mageuzo ya mkate na divai, hakuna sadaka ile ya altare. Kama kuna Ekaristi iliyohifadhiwa tangu padri alipokuja, au kuna aliyeruhusiwa kuileta toka parokiani, watu wanakomunika. Kama hakuna tunasoma masomo ya Jumapili, tunatafakari, tunaombea, tunaimba Baba Yetu, tunarudi nyumbani. Na ile amri ya Misa haimbani mtu pasipo na Misa, hata Kanisa halikudai uvuke mto uliofurika. Kanuni ya 1248 inasema padri akikosekana inapendekezwa sana waamini wakusanyike kwa liturujia ya Neno pale kanisani, au wasali nyumbani muda unaofaa, peke yao au kifamilia. Kwa hiyo kaka yako akilala bila hata kusali anakosa kote kote.

Halafu kuhusu mkulima mwenzake. Huku kwetu Ruvuma wamisionari wa Kibenediktini walifika Peramiho 1898, lakini sijui kama kuna mzungu alifika kila kijiji, waliofika ni walimu, watu wenye jembe na kitabu, wanafundisha sala kwa kutwa nzima wanarudi kulima shamba lao usiku wa mbalamwezi. Bibi yangu alibatizwa kwa mafundisho ya mwalimu wa namna hiyo. Na Papa Fransisko tarehe 10 Mei 2021 aliifanya huduma ya katekista kuwa huduma rasmi ndani ya Kanisa, kwa barua yake mwenyewe. Mimi sijawekewa hiyo ibada ya kuwekwa rasmi bado, na posho yangu sitaitaja hapa mtoto wangu asije kusoma, lakini mahubiri ya mkulima yana faida moja: mfano wa mpanzi nikiuelezea najua mbegu ninayoisema imeliwa na ndege gani.

Mwambie kaka yako aje Jumapili moja akae nyuma. Nikimboa kweli anitumie meseji, namba anaijua.

Nilitoa elfu kumi kwa nia ya Misa ya kumwombea marehemu baba. Siku yenyewe nikasikia yanasomwa majina kama thelathini, na jina la baba likakosewa, "Alois" likawa "Alfonsi". Hela yangu imeenda wapi? Na Mungu amejua ni baba yangu? (Binti wa Marehemu)

Mungu amejua. Wasiwasi wa kwanza ondoa, mbinguni hawategemei mwandiko wa katibu wetu.

Hela ni sadaka, sio bei, na utaratibu wake mkali kuliko watu wanavyodhani. Kwa kawaida sadaka moja iliyopokelewa ni Misa moja inayoombewa nia hiyo, kanuni ya 948. Padri akiadhimisha Misa zaidi ya moja kwa siku anabaki na sadaka moja tu, nyingine zinaenda kwa makusudi aliyoyapanga askofu, isipokuwa Noeli. Na kila Jumapili, Misa moja kati ya Misa za paroko lazima iwe kwa ajili ya watu wote wa parokia, bila hela ya mtu. Pia kanuni ya 945 inawahimiza mapadri waombee nia za waamini, hasa maskini, hata kama hawakutoa kitu.

Sasa majina thelathini. Hapo kuna mawili. Kuna Misa ya nia za pamoja, ambayo mnatoa wengi na Misa ni moja, hiyo inaruhusiwa kwa masharti tu, wenye kutoa waambiwe na wakubali kwa hiari. Roma walitoa agizo jipya la jambo hili Aprili 2025, likaanza kutumika Pasaka ya mwaka huo. Na kuna kutajwa jina tu kwenye Misa, ambako sio sawa na Misa kuombewa nia yako. Wengi tunachanganya, na maofisi ya parokia yanatuacha tuchanganyikiwe maana ni rahisi. Nenda kaulize kwa upole: "Elfu kumi yangu iliandikwa kama Misa yake peke yake au ya pamoja?" Kuna kitabu cha nia, lazima kiwepo. Ikiwa ulitaka yake peke yake waambie wakupangie tarehe, na hiyo siku nenda. Jina liandike kwa herufi kubwa, ALOIS.

Mwalimu hii kwaya yetu imezidi. Pasaka sare mpya, Noeli sare mpya, sikukuu ya mtakatifu somo wa parokia sare mpya, kila moja elfu 45, asiyekuwa nayo haimbi. Kwaresima hii kinanda kinapigwa utadhani harusini. Mimi ni sauti ya pili, nimekaa nje ya kwaya tangu Desemba. (Alto Asiye na Sare)

Dada yangu umenichokoza kwenye kidonda.

Hakuna andiko lolote la Kanisa linalosema sauti ya pili ivae kitenge fulani. Sare inapendeza, sikatai, kanisa letu dogo siku ya Pasaka wakiingia wamevaa njano hata mimi nasimama vizuri. Lakini sare tatu kwa mwaka mara elfu 45 ni laki na elfu 35, kwa mwanakwaya wa kijijini hiyo ni kahawa ya magunia mangapi? Na wanaobaki kuimba ndo wenye uwezo, sio wenye sauti, ndo maana siku hizi tunapendeza halafu tunaimba chini ya noti. Pendekeza sare moja ya miaka mitatu na skafu ya kubadilisha. Kwaya moja ninayoifahamu wamefanya hivyo, skafu ni kitambaa cha elfu tatu.

Kinanda Kwaresima nacho kina utaratibu wake na mwalimu wa kwaya anatakiwa kuujua. Mwongozo wa Misale ya Roma unasema Kwaresima kinanda na vyombo vingine vipigwe kusaidia uimbaji tu, sio kujipigia vyenyewe. Isipokuwa Jumapili ya nne, ile ya furaha, na sherehe na sikukuu zikiangukia humo. Kwa hiyo lile pigo refu la baada ya Komunio ambapo mpiga kinanda anaonyesha vidole vyake, Kwaresima halipo. Na ile ya sadaka inayoendelea dakika tisa padri kashanawa mikono kasimama anatutazama, hiyo hata isipokuwa Kwaresima naomba mwonee huruma, ana Misa nyingine kigangoni saa tano na barabara unaijua.

Tunaishi pamoja miaka 11, watoto watatu, wote Wakatoliki ila hatujafunga ndoa. Mahari ilibaki laki tatu, na kamati ya ukoo inataka sherehe ya milioni nne. Mama mmoja wa jumuiya aliniambia watu kama sisi tukae siti za nyuma. (Bado Hatujafika Altareni)

Siti za nyuma kwetu zimejaa wanaume wanaowahi kutoka, hamtapata nafasi.

Kaeni mnapotaka. Kwa sasa hampokei Komunio, hilo mnalijua, lakini Misa ni yenu, jumuiya ni yenu, kuimba, kufagia, kuombea wagonjwa, kutoa zaka, hakuna aliyewanyima. Na watoto wabatizwe, msisubiri ndoa ndo muwabatize, dhambi sio yao.

Sasa kilichowakwamisha sio Kanisa, ni kamati. Ili ndoa iwe ndoa Kanisa linataka msiwe na kizuizi, mkubali kwa hiari yenu, mbele ya padri au shemasi mwenye mamlaka, na mashahidi wawili. Wawili. Na suti sio lazima. Kuna mafundisho ya wachumba na matangazo ya ndoa, huku kwetu Jumapili tatu. Keki haipo, ukumbi haupo, mshereheshaji hayupo, gari la maua halipo. Parokia nyingi zinafunga ndoa za pamoja, jozi sita, kumi, siku moja, na chai kidogo uwanjani, na mimi nimeona wazee wa miaka 60 wameshikana mikono wanatetemeka kuliko vijana. Mahari ni jambo la heshima kwa wazazi na sikwambii ulidharau, mpeleke mshenga mwenye busara kwa wakwe awaulize kwa unyenyekevu laki tatu ilipwe baada ya ndoa, wengi wanakubali, wajukuu watatu sio mchezo. Padri naye mwombeni aje, mkwe mgumu kwa mshenga anakuwa laini kwa paroko.

Sherehe ya milioni nne ifanyeni mkipata hiyo hela. Mkiipata nialikeni.

Nikinywa chai asubuhi nisikomunike? Mama yangu hataki hata maji. (Kijana wa Sekondari)

Saa moja kabla ya kupokea, sio kabla ya Misa kuanza, na maji hayavunji wala dawa. Wazee, wagonjwa na wanaowahudumia wamesamehewa hata hiyo saa moja. Mama yako amelelewa na waliofunga tangu saa sita ya usiku, maana zamani ndo ilikuwa sheria, mwache na maji yake. Misa ya saa tatu ya kwetu Komunio inafika saa nne kasoro, chai ya saa mbili imeshapita salama. Ila andazi unalomalizia kwenye ngazi za kanisa, hapana.

Nataka mwanangu asimamiwe ubatizo na rafiki yangu wa kazini, Mlutheri safi kabisa, na kaka yangu Mkatoliki wa miaka 15. (Baba Mpya)

Hongera. Msimamizi mmoja anatosha kisheria, wakiwa wawili wawe mwanaume mmoja na mwanamke mmoja, wasizidi hapo. Anatakiwa awe Mkatoliki, ametimiza miaka 16, amepata Kipaimara na Ekaristi, anaishi imani yake, na asiwe baba au mama wa mtoto. Kaka yako asubiri mwaka, au muulize paroko kama kuna sababu ya kumruhusu. Rafiki yako Mlutheri anaweza kusimama kama shahidi wa ubatizo, lakini pamoja na msimamizi Mkatoliki, sio peke yake. Mtafute dada wa jumuiya anayesali, sio mwenye gari.

Mwalimu, nina matawi ya Jumapili ya Matawi ya miaka mitatu yote nyuma ya picha ya Mama Maria, yameliwa na mende. Nayatupa wapi? (Bibi wa Misa ya Kwanza)

Shikamoo bibi. Usiyatupe jalalani, yamebarikiwa. Yalete kanisani Jumapili kabla ya Jumatano ya Majivu, au mpe mjukuu wako akija mafundisho. Sisi tunayachoma Jumanne ile jioni nyuma ya sakristia, tunayaponda na kuyachuja kwa chujio la chai (jipya, usiogope), na hayo ndo majivu utakayopakwa kesho yake. Ya miaka mitatu yamekauka vizuri, ya mwaka jana huwa yanatoa moshi tu tunalia wote. Mende uwakung'ute nyumbani kwanza.